Mwachie, Wakubwa Watamfundisha

Huku Ufipa kila mtu ni mtaalamu wa mbwa, isipokuwa mbwa mwenyewe. Kama huamini, shika kamba yenye mtoto wa mbwa utoke naye Sumbawanga mjini kuelekea mashamba yaliyo chini ya milima ya Mbizi. Hujamaliza mtaa wa kwanza utakuwa umeshashauriwa umkate mkia, umpunguze masikio, umfungie gizani mwezi mzima, umpake pilipili puani na umlishe nyigu ili awe na hasira. Nyigu! Mimi kila mwaka nalishwa bei ya mbolea, ada na michango ya harusi, hasira ninazo tele, na sijawahi kukamata hata panya.

Ushauri unaowaunganisha wote, Mkristo na Mwislamu, Simba na Yanga, ni mmoja tu: "Mwalimu, usijisumbue na huyo. Mwachie aende na mbwa wakubwa, watamfundisha." Husemwa kwa sauti ya mtu ambaye hatadaiwa chochote mambo yakiharibika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na najua kinachotokea ukimkalisha mtoto mgeni katikati ya wakubwa wa darasa. Kitu cha kwanza atakachojifunza si kuzidisha. Ni mahali lilipo tundu la uzio.

Lakini niseme kwanza kwa nini mtu mzima, mwenye mke na madeni, anajiingiza kwenye mambo ya mbwa. Ni nguruwe pori.

Mkoa wa Rukwa husifiwa kuwa miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi mahindi, na sifa hizo nguruwe amezisikia. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua mahindi yetu kwa mizani. Nguruwe huchukua bila mizani, bila foleni, bila kulalamika kwamba hayajakauka. Novemba, mvua za kwanza zikishanyesha, mimi hupanda kwa kamba, mistari imenyooka, jinsi bwana shamba alivyoelekeza. Usiku yeye huingia na kuufuata mstari uleule, shimo baada ya shimo, akifukua mbegu moja moja kwa pua. Ningepanda ovyo angalau angehangaika kutafuta. Kilimo cha kisasa kimemrahisishia kazi. Mbegu zikimponyoka anarudi Februari mahindi yakiwa mabichi: analisukuma bua kwa kifua, likilala anauma hindi upande mmoja, analiacha, anahamia la pili. Angekula yote akashiba ningemwelewa. Yeye anaonja.

Watu wa mjini humchanganya na ngiri. Ngiri ni mtu wa mchana, mkia juu, anapiga magoti akila majani, na usiku analala kwenye shimo lililochimbwa na muhanga. Tena huingia kinyumenyume ili meno yabaki mlangoni. Ngiri unaweza kumwona ukamtukana na roho ikatulia. Nguruwe pori hakupi nafasi hiyo. Anatembea usiku na ukoo wake, mchana wamejilaza kwenye kichaka ambacho hata upepo unapita pembeni, na dume lililokomaa laweza kufika kilo 100. Meno yake ya chini hujinoa yenyewe kwenye ya juu kila anapofunga mdomo. Mimi kisu cha jikoni kwangu hakijanolewa tangu uchaguzi.

Nilikwenda kuuliza habari za kifuta jasho. Bwana mmoja wa ofisini, mpole kabisa, akanieleza kwamba hicho ni cha walioharibiwa mazao na wakubwa wanaotambulika, tembo, kiboko na nyati. Na nguruwe? Akatabasamu. "Labda aje pamoja na tembo, Mwalimu."

Basi nikalala dungu. Asiyelijua dungu ni kile kibanda cha miguu mirefu cha kulindia shamba, na asiyeijua baridi ya Ufipa aje Sumbawanga, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ajaribu kukesha juu ya fito akipiga debe. Watu wa Bonde la Ziwa Rukwa, huko chini ambako usiku una joto, hulinda ngedere wakiwa vifua wazi. Sisi huku debe tunalipiga ili vidole visigande. Nguruwe walizoea mlio ule katika wiki ya kwanza. Nadhani waliutumia kujua niko upande gani.

Ndipo akapatikana huyu mtoto wa mbwa. Watoto wangu wakamwita Simba, jina ambalo halijawahi kumsaidia mbwa yeyote. Mimi ni Yanga. Hakuna aliyeniuliza.

Kabla ya mbwa kuna karatasi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamweka mbwa kwenye orodha ya vitu usivyoruhusiwa kuwindia bila kibali cha maandishi. Yumo humo pamoja na sumu, jambo ambalo mbwa wengine ningewaambia waone fahari. Kijiji kikaandika barua, maana yake nikaandika mimi, kwa kuwa nina hati nzuri na nilikuwa nimekaa karibu na meza. Niliandika "kuwinda nguruwe". Mtendaji akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaweka "kudhibiti wanyama waharibifu". Nguruwe ni yuleyule, ila sasa kalamu imemgeuza. Kibali kikaja na masharti: afisa wanyamapori awepo na bunduki yake, mbwa wafanye kazi ya kutafuta na kuzuia tu, na msitu wa hifadhi wa Mbizi tusiukanyage. Sharti hilo la mwisho nadhani nguruwe walisomewa kabla yetu. Wanaujua mpaka kuliko wapima ardhi. Wakishauvuka hawakimbii tena, wanatembea.

Nikampeleka Simba kwa Babu. Kila mtu humwita Babu, hata wanaomzidi umri. Ana mbwa wanne, na majina yao yametungwa kwa ajili ya masikio ya watu wengine. Kuna Jirani, ambaye huitwa kwa sauti kubwa zaidi Babu akiwa amekorofishana na wa upande wa pili wa uzio. Kuna Mgambo. Kuna Tozo, aliyezaliwa mwaka 2021 ule wa tozo za miamala ya simu, na kama jina lake lilivyo, hakuna sahani inayopita bila yeye kuchukua chake kidogo. Na kuna Bi Mkubwa, jike zee, pua imeota mvi, sikio moja limegawanyika sehemu mbili zisizoelewana.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mwalimu. Huyo ana miezi mingapi?"

"Sita."

"Mrudishe."

Hakumtazama hata mkia, ambao wataalamu wa mtaani waliushughulikia sana. Alimfunua mdomo. Meno ya utoto ndiyo kwanza yamemaliza kung'oka, akasema, hata nguruwe akimwambia karibu, hana cha kumshikia. Nirudi akikaribia mwaka. Kwa sasa nimfundishe mambo mawili: akiitwa mara moja aje, na apite katikati ya mbuzi na kuku wa watu bila kuwaona. "Mbwa anayekimbiza mbuzi usimpe nguruwe," akasema. "Utamlipia mbuzi mpaka unastaafu." Nisimlete na ndugu yake wala mwenzake wa rika, maana wawili watacheza. Na nisimlete bila chanjo ya kichaa cha mbwa. Yaani badala ya nyigu, bwana mifugo na sindano. Majirani zangu waliposikia wakasema Babu amezeeka.

Ile miezi ya kusubiri siielezi. Kufundisha mbwa asione kuku ni kazi ya kusema "acha" mpaka mke wangu naye anaacha alichokuwa anafanya.

Hatimaye tukatoka, alfajiri, umande mpaka magotini. Mbwa hawaanzi kwenye kichaka. Wanaanzia shambani alipokula, ambako nyayo bado mbichi, halafu wanaufuata mguu mpaka alikolala. Hapo nilimwona Bi Mkubwa kazini, na nakiri sijaona mkaguzi wa elimu akifanya kazi kwa makini vile. Hakunusa udongo juujuu. Aliingiza pua ndani ya unyayo, akatoa pumzi kwa nguvu mpaka vumbi likaruka, akavuta tena taratibu. Mkia uliokuwa ukicheza ukasimama. Akaanza kutembea bila kutoa sauti.

Simba wangu yeye alikuwa anatoa taarifa ya kila kitu. Alimbwekea panzi. Alibwekea viatu vyangu vya mpira, anavyovifahamu tangu utotoni. Bi Mkubwa alimvumilia mara ya kwanza. Mara ya pili aligeuka, akamuuma sikio mara moja, bila kunguruma, bila kuonyesha chuki, akarudi kwenye mguu wa nguruwe pale alipouacha. Simba akanyamaza mpaka tunamaliza kilima.

"Umeona?" akasema Babu. "Mimi kwa maneno nisingeweza kumwambia hivyo."

Niliona, na nilitafakari. Mimi ningefanya hivyo darasani, mchana huohuo ningekuwa kwa afisa elimu natoa maelezo.

Lau darasa lingekuwa la Bi Mkubwa peke yake, leo nisingekuwa na la kuandika. Tatizo ni kwamba watu wakisema "mbwa wakubwa watamfundisha" hawasemi yupi. Wahenga wanadai mbwa wa msasi mkali naye huwa mkali, lakini hawakuwahi kukutana na Jirani. Jirani ana uzoefu wa miaka mingi wa kutokuwepo. Mguu ukipoa yupo mbele, kifua kimetoka. Mguu ukipata moto unamtafuta humwoni. Mnyama akishalala chini unamkuta amesimama juu yake, ulimi nje, anahema kuliko waliokimbia. Tozo naye ana somo lake la mayai, nitalifikia. Na Mgambo ni jasiri, ugonjwa mwingine huo.

Maana kazi ya mbwa kwa nguruwe pori si kuuma. Ni kumzunguka na kubweka ili asimame, mwenye bunduki afike. Nguruwe akizidiwa hurudisha makalio kwenye kichaka, uso nje, akikata kutoka chini kwenda juu. Mbwa mwenye akili hubweka kutoka pembeni, hatua mbili mbele, tatu nyuma. Mgambo huingia kushika. Mbavu zake zimechorwa mistari ambayo hata barabara ya Tunduma haina. Siku ile alichanwa tena begani: tundu kwa nje halizidi ukucha, lakini kidole cha Babu kilizama mpaka kifundo cha pili. Jino la nguruwe hudanganya hivyo, mlango mdogo, nyumba kubwa. Babu akalisafisha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, akaliacha wazi, hakulishona, uchafu usije ukafungiwa ndani. Bwana mifugo akamalizia kwa sindano. "Anayeshika peke yake ni mbwa hodari," Babu akaniambia akiwa bado anafinya usaha wa jeraha la zamani. "Ila hazeeki."

Kwa hiyo utaratibu wa Babu ni kwamba mwanafunzi asikutanishwe na dume siku za mwanzo. Apelekwe kwa vijana wa nguruwe, wale walioacha mistari ya utotoni lakini hawajapata kiburi. Akichanwa siku ya kwanza, akipona atalinda duka maisha yake yote. Utaratibu mzuri sana. Nguruwe hawakuwa na nakala yake.

Kichaka kilipofunguka alitoka dume.

Sikuona vizuri kilichofuata kwa sababu nilikuwa napanda kichuguu. Nilichoona ni mbwa watatu wakizunguka, badala ya watano. Mahali hapo pana tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, yale malungu ya udongo, marefu karibu mita 3, ambayo mababu wa Kifipa walifulia chuma cha majembe na mikuki kabla majembe ya dukani hayajatuharibia fundi. Mengine bado yamesimama porini, nyasi zimeota juu. Chini yana mlango, na mlangoni nikaona ncha ya mkia ninayoifahamu.

"Simba!" nikaita. "Simba, toka!" Kimya. Nikapaza. "Simba! Simba yumo humu ndani! Simba, njoo huku!"

Ng'ambo ya bonde kulikuwa na akina mama wanatoka kukata kuni. Nilisikia mizigo inavyodondoka, mmoja baada ya mwingine. Nikajaribu kurekebisha, nikapiga kelele, "Siyo simba, ni Simba!" Maelezo hayo hayakusaidia kitu. Jioni sokoni Sumbawanga simba walikuwa wawili. Kesho yake asubuhi, kwa kuwa mji wetu una sifa zake za uchawi na wageni hutuogopa hata kutupa mkono, hawakuwa tena simba wa kawaida. Walikuwa wa kutumwa, na mtu alikuwa anatafutwa. Nilikaa kimya mpaka upepo ulipopita. Wana Yanga wenzangu ndio hawakukaa kimya. Kwamba Simba kaona mpinzani, kaingia tanuruni, hilo limeimbwa mpaka kwenye kilabu cha pombe ya ulezi.

Dume lilimponyoka afisa, likavuka mpaka wa hifadhi, likaanza kutembea. Nikaenda kumvuta mwanafunzi wangu. Alitoka kwa kinyumenyume, masikio yamelala, amejaa masizi ya mababu. Nilitaka kumfokea. Nikasikia kitu kingine kinajikuna mle ndani.

Nyuma yake akatoka Jirani.

Alijinyoosha, akapiga mwayo, akaenda kusimama mahali nguruwe alipokuwa. Nikainama kuchungulia: sakafu ya tanuru ilikuwa imelaliwa mpaka ikang'aa, na kulikuwa na mfupa wa zamani. Mbwa wa miaka mingi alikuwa na ofisi mle. Hakuna aliyemtisha Simba. Alielekezwa na mkubwa wa kazi, akaonyeshwa chumba.

Babu alicheka mpaka akakaa chini. Kisha hakucheka tena. Tangu siku hiyo Jirani hufungwa nyumbani, Mgambo anauguza bega, Tozo anakuja siku ambayo hakuna chakula kilichobebwa, na Simba anatembea na Bi Mkubwa peke yake. Mbwa wawili tu. Watu wanaona kichekesho, wamezoea kundi na kelele. Lakini kwenye kundi kubwa, Babu anasema, mdogo hajui amfuate nani, kwa hiyo anamfuata aliye karibu naye, na aliye karibu naye daima ni yule asiye na kazi. Sasa Simba habweki mpaka bibi atoe sauti. Akitoa, naye anatoa, kutoka pembeni, hatua mbili mbele, tatu nyuma. Ametimiza mwaka na nusu na ngozi yake ni nzima. Mayai ya kuku wetu anakula vilevile. Somo la Tozo lilifundishwa mapema, kwa vitendo, na limeeleweka kuliko yote.

Juzi afisa akaangusha majike mawili chini ya shamba langu, akaandika alichoandika kwenye daftari lake, nyama ikaachwa kijijini. Hapo ndipo nilipojua shida za shambani zilikuwa mazoezi. Kwanza mke wangu alisimama getini. Ana nguruwe wawili bandani, wa kufuga, na amehudhuria semina. Homa ya nguruwe ya Afrika, akanikumbusha, ile iliyoelezwa kitaalamu mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, nguruwe pori huibeba bila kuugua. Wa kufugwa wakiipata hawabaki, na dawa wala chanjo hakuna dukani. Kwa hiyo nyama ya porini haivuki geti, wala visu, wala viatu nilivyovaa, wala mbwa kabla hajaoshwa. "Na wewe pia," akasema. Kitimoto yangu ikabidi niilie kwa Babu.

Kisha kikao cha mgawo. Desturi ni kwamba kila mbwa aliyefika ana fungu, analichukua mwenye mbwa. Bi Mkubwa, fungu moja, hakuna ubishi. Jirani, aliyekuwa amefungwa kwa kamba nyumbani siku nzima, fungu moja, kwa sababu ya utumishi wa muda mrefu. Simba, aliyepanda kilima na kushuka, aliyebweka palepale alipotakiwa kubweka? Mwenyekiti wa kitongoji akakohoa. Yule bado yuko mafunzoni, akasema, na aliye mafunzoni hana mgawo kamili. Nikauliza mafunzo yanaisha lini na nani anatoa cheti. Pakazuka mjadala mrefu, wakakumbushana habari za tanuru, wakacheka upya, mwishowe wakapitisha kwa kura: nusu mbwa. Mimi sikupiga kura, maana katibu wa kikao hapigi, na mwenye hati nzuri kijijini ni mmoja. Nikaandika kwa mkono wangu, mstari umenyooka: "Mbwa wa Mwalimu, nusu." Mtendaji akapiga muhuri.